Kinachouma kilomita ya 28 kilianza ya 9: utatuzi wa matatizo ya mbio ndefu za vilima

Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon anakabiliana na njia yenye hila. Nusu ya kwanza ya kilomita 42.2 karibu yote ni tambarare, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam na kurudi Moshi mjini. Miguu ikishachoka ndipo njia inageukia mlimani. Inapanda barabara ya Mweka katikati ya migomba na kahawa, kutoka takribani mita 830 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,150, na kugeuza kwenye kilomita ya 32 hivi. Kumi zinazobaki ni kuteremka hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika.

Wengi wakiiona ramani hiyo hushika mazoezi ya kupanda, na kupanda peke yake. Siku ya mbio wanafika juu wakiwa wazima, wanashangilia, kisha wanaanza kuvunjika pale ambapo walitegemea kupumzika.

Ndiyo maana mbio ndefu ya vilima, ile ya kilomita 26 hadi 32 inayofanywa wikiendi katika miezi ya maandalizi, ni kipimo kizuri kuliko zote. Inatoa dalili mapema, kukiwa bado na wiki za kurekebisha. Kazi ni kuzisoma sawasawa, maana kwenye vilima dalili na chanzo chake mara nyingi hutenganishwa na kilomita nyingi. Kabla hujatafuta dawa ya tatizo lolote, jibu haya kwanza: Lilianza ukipanda au ukiteremka? Liko mguu mmoja au yote miwili? Ukitembea dakika mbili linapungua au liko vile vile? Tatizo la miguu yote miwili kwa kawaida ni la mzigo au la chakula. La mguu mmoja lina dalili za jeraha, au la barabara iliyoinama upande mmoja. Lisilopungua kwa kutembea, hapo umemaliza mazoezi ya siku hiyo. Panda bodaboda urudi.

Pumzi inakata kabla hujafika nusu ya mlima

Chanzo namba moja ni kupeleka kasi ya tambarare mlimani. Kanuni wanayoitumia makocha wengi ni kwamba kila asilimia moja ya mwinuko inakugharimu sekunde 8 hadi 10 kwa kilomita, kwa juhudi ile ile. Mlima wa Mweka kwenye njia ya mbio una wastani wa asilimia 3 hivi. Kwa hiyo anayekimbia dakika 6:00 kwa kilomita kwenye tambarare anatakiwa kuona 6:25 au 6:30 kwenye saa yake, na asione aibu. Vipande vyenye asilimia 6 vinamsogeza karibu na dakika 7. Ukiteremka, mteremko unakurudishia kama nusu tu ya ulichotoa. Hesabu hiyo ina maana kwamba mbio ya vilima haiwezi kuwa na wastani sawa na ya tambarare, na anayeulazimisha wastani huo analipa mahali pengine.

Usitegemee sana kipimo cha mapigo ya moyo dakika ya kwanza ya kupanda. Moyo huchelewa, saa itakuambia mambo shwari huku miguu ikishaingia kwenye deni. Sikiliza pumzi. Kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatiza, umezidisha. Punguza urefu wa hatua, acha mikono ifanye kazi, angalia mita kumi mbele badala ya kilele.

Kutembea vipande vikali si kushindwa. Mlima ukishakuwa mkali sana, tofauti ya kasi kati ya anayetembea kwa bidii na anayejikongoja kwa kukimbia inakuwa ndogo mno, na aliyetembea anafika juu akiwa na miguu.

Halafu kuna kisingizio cha hewa nyembamba. Iten, kule Kenya kwenye mita 2,400, ni kweli: mtu wa pwani akifika huko atahema akikimbia taratibu, na atahitaji wiki kadhaa kuzoea. Arusha mjini, mita 1,400 hivi, utaisikia kidogo. Lakini Moshi mjini usisingizie hewa. Ukihema pale, ni kasi, ni joto, au ni damu, na hiyo ya mwisho tutaifikia.

Shavu la mguu linabana, au kano ya kisigino inauma asubuhi

Kupanda kunaweka uzito mbele ya unyayo, na kisigino kinabaki hewani au kinagusa kidogo tu. Shavu la mguu linafanya kazi ya ziada kila hatua. Kama miguu imekaza yote miwili na inalegea ukifika tambarare, hilo ni suala la kuzoea. Umeongeza vilima haraka kuliko misuli ilivyojengeka. Rudi wiki mbili nyuma kwenye ratiba, na ongeza zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi, kupanda kwa vidole na kushuka polepole, mara mbili au tatu kwa wiki.

Angalia pia raba. Aliyezoea raba zenye kisigino kinene akahamia ghafla kwenye za soli bapa, kisha akaenda mlimani nazo, amejitafutia mwenyewe.

Maumivu ya kano ya kisigino yanayokuwa makali hatua za kwanza ukitoka kitandani, kisha yanapungua ukipata joto, ni onyo. Kupungua huko kunadanganya watu wengi wakadhani wamepona. Ondoa vilima kwa muda, kimbia tambarare kwa umbali usioongeza maumivu kesho yake, endelea na zoezi la ngazi. Ukisikia mlio wa kitu kukatika na ukashindwa kusimama kwa vidole, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi, usilisugue. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, nenda ukapimwe.

Mapaja ya mbele yanakufa ukiteremka

Hili ndilo tatizo kubwa la njia ya Mweka, na ndilo ninaloliona linapewa muda mdogo kuliko yote.

Ukipanda, misuli ya paja inajikunja na kufupika inapofanya kazi. Ukiteremka, inafanya kazi huku ikivutwa kurefuka, kwa kuwa inazuia mwili usianguke mbele. Kazi ya namna hiyo haikuchoshi pumzi, na hapo ndipo mtego ulipo. Unajisikia mwepesi, saa inaonyesha kasi nzuri, kumbe nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Maumivu yenyewe yanakuja baadaye, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Ila nguvu inapungua papo hapo. Ndiyo maana mtu anashangaa kwamba ameteremka vizuri kilomita ya 6 hadi 9, akakimbia tambarare bila shida, na kwenye kilomita ya 28 magoti yanataka kukunjika yenyewe.

Boston, marathoni ya Marekani, ni mfano unaojulikana dunia nzima. Mbio zinaanzia Hopkinton na kuteremka kwa kilomita nyingi za mwanzo, kisha vilima vya Newton vinaanza baada ya kilomita ya 25. Cha mwisho kati yake, Heartbreak Hill, hakifiki hata kilomita moja na kinapanda chini ya mita 30. Mtu wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, angekiita tuta. Kinawavunja watu kwa sababu wanakifikia na mapaja yaliyokwisha kuharibiwa na miteremko ya asubuhi. (Watanzania tuna historia ya kuuma meno na Boston: Juma Ikangaa alimaliza wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, Gabriel Geay wa pili 2023, Alphonce Simbu wa pili 2025, kabla ya kwenda Tokyo mwaka huo huo na kuchukua ubingwa wa dunia.)

Ukiwa barabarani, kagua mtindo wako. Je, mguu unatua mbele sana ya mwili, kisigino kikigonga lami na goti limenyooka? Hiyo ni breki, na kila breki inalipwa na paja. Fupisha hatua, ziongeze idadi, tua mguu ukiwa chini ya nyonga, goti limekunjwa kidogo. Kifua kiiname kufuata mteremko, kisirudi nyuma. Hatua zinatakiwa zisikike nyepesi. Zikipiga kelele, bado unagonga breki.

Dawa ya kudumu ni nzuri kuliko dawa nyingi za michezo: misuli iliyoumizwa na mteremko mara moja inajikinga, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Huhitaji kujitesa kila Jumapili. Anza na mteremko mpole wa kilomita moja au mbili mwishoni mwa mbio ya kawaida. Baada ya wiki mbili, weka kilomita nne au tano za kuteremka mwishoni mwa mbio ndefu, si mwanzoni, kwa sababu ndivyo utakavyokutana nazo Moshi. Zoezi zito la mwisho la kuteremka liwe wiki tatu kabla ya mbio. Ukilifanya wiki ya mwisho utaingia uwanjani na majeraha ambayo hayajafunga.

Wa Dar es Salaam wasikate tamaa. Barabara ya Pugu kwenda Kisarawe ina miinuko ya kutosha ukiirudia, na kama huna hata hiyo, mazoezi ya kuchuchumaa taratibu, kushuka kwenye kiti kwa mguu mmoja, na kushuka ngazi za ghorofa yanasaidia paja kujifunza kazi hii. Wa Nairobi wana Ngong, na wa Lushoto hawana pa kukimbilia tambarare hata wakitaka.

Goti na ugoko

Maumivu ya upande wa nje wa goti, yanayoanza baada ya kilomita kadhaa na kuwa makali ukiteremka, mara nyingi ni ule utando mrefu unaotoka nyonga hadi chini ya goti. Angalia kwanza barabara. Lami zetu zimeinama kuelekea mtaroni, na sisi kwa usalama tunakimbia upande wa kulia tukiyatazama magari. Kwa hiyo mguu mmoja unatua chini zaidi ya mwenzake kwa saa tatu nzima. Tafuta njia ya vumbi iliyo sawa kwa sehemu ya mazoezi. Usihamie upande wa pili ukayapa magari mgongo. Goti bovu linapona. Kisha imarisha misuli ya makalio na pembeni mwa nyonga, maana nyonga inayolegea ndiyo inayoacha goti liingie ndani.

Maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka kile kifupa cha juu, yanatokana zaidi na breki tulizokwisha kuzizungumza.

Ugoko unaouma eneo pana, sehemu ndefu ya mfupa, unahitaji kupunguziwa umbali na miteremko. Ugoko unaouma kwenye nukta moja unayoweza kuifunika kwa kidole, na unaokusumbua hata usiku umelala, ni hadithi nyingine: huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia hadi upimwe. Hapo usimsikilize mwenzako wa klabu anayekuambia ukaze.

Umeisha ghafla

Ulikuwa vizuri, kisha ndani ya kilomita mbili miguu imekuwa mizito, mawazo yamekuwa mabaya, unahesabu nguzo za umeme. Hii ndiyo wanayoiita kugonga ukuta. Mwili unaweka akiba ya wanga ya gramu 400 hadi 500 hivi, kwenye misuli na ini, na mlima unaitafuna haraka kuliko tambarare. Tafuta chanzo kwa kurudi nyuma kwa mpangilio huu.

Je, mlima wa kwanza uliupanda kwa kasi gani? Ukienda juu ya uwezo wako, mwili unachoma wanga kwa fujo. Dakika tano za ushujaa kilomita ya 9 zinaweza kukunyima nusu saa ya mwisho.

Ulikula nini jana yake na asubuhi? Ugali, wali, viazi, ndizi, chapati za jana usiku. Asubuhi uji mwepesi wenye sukari au chai na mkate, saa mbili hadi tatu kabla. Kukimbia kilomita 30 za vilima na chai kavu si uanaume.

Ulikula nini njiani? Kwa mazoezi yanayozidi dakika 90, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja mbivu ya wastani ina kama 25. Soda ya chupa ndogo ina kama 30, na ukiitikisa gesi itoke kabla ya safari inanyweka. Tende ni nzuri mno kwa sababu zinakaa mfukoni bila kuoza. Geli zinafaa pia, ila ni ghali, na zimezwe pamoja na maji. Anza kula dakika ya 30 au 40, kabla njaa haijaja, na umeze ukiwa kwenye tambarare au mteremko mpole; kupanda huku unatafuna ni kujinyima hewa.

Kosa moja limeenea sana kwenye vilabu vya jogging: watu wanakunywa ORS wakiamini inawapa nguvu. Paketi ya lita moja ina gramu 13.5 tu za glukosi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeharisha, imrudishie maji na chumvi, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Chakula cha mkimbiaji siyo. Madafu nayo yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, ambayo ndiyo chumvi unayoipoteza zaidi kwa jasho.

Tumbo na kichomi

Kichomi cha ubavuni hupenda kuja ukiteremka, kwa mtikisiko, hasa kama umekunywa maji mengi kwa mkupuo juu ya kilele. Punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa nguvu, bonyeza sehemu inayouma ukiinama mbele kidogo. Wakati ujao kunywa mafunda mawili matatu kila baada ya dakika 15 au 20.

Kuharisha au kuvurugika tumbo: angalia maharage, mboga nyingi na maziwa ya jana usiku. Kisha angalia dawa. Wapo wanaomeza diclofenac au ibuprofen kabla ya mbio ndefu ili wasisikie maumivu. Dawa hizo zinachubua tumbo, na ukizichanganya na joto na upungufu wa maji zinabebesha figo mzigo usio wake. Sioni sababu yoyote ya kuzitumia mazoezini. Maumivu ni taarifa unayoihitaji.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu

Hapa kuna matatizo mawili yanayofanana kwa sura na yanayotaka dawa zinazopingana, kwa hiyo usikurupuke.

Aliyepungukiwa maji ana kiu, mdomo mkavu, mkojo mchache na wa njano iliyokolea, na uzito wake umepungua ukilinganisha na asubuhi. Huyu anywe taratibu akiwa kivulini.

Aliyekunywa maji kupita kiasi sodiamu ya damu yake imeshuka. Vidole vimevimba, pete inabana, tumbo limejaa maji, anatapika, anaanza kuchanganyikiwa, na uzito wake haujapungua au umeongezeka. Kumpa maji zaidi kunaweza kumuua. Si jambo la nadra kama watu wanavyofikiri. Katika utafiti uliofanywa kwenye Boston Marathon ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu mwishoni, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka. Hatari iko zaidi kwa wanaokwenda polepole, kwa sababu wanakaa barabarani muda mrefu na wanasimama kila kituo cha maji. Kunywa unaposikia kiu, na jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi.

Joto ni la tatu. Mbio za Moshi ziko mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kufika saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali. Mtu akianza kuyumba, kuongea ovyo au kugombana bila sababu huku mwili unawaka moto, usisubiri gari. Mvue nguo za juu, mmwagie maji ya baridi sehemu nyingi za mwili kadiri iwezekanavyo, mpepee, weka barafu kama ipo. Kumpoza kunaanza pale pale alipoangukia, kumsafirisha kunafuata.

Madogo yanayokera

Kucha nyeusi: vidole vinagonga mbele ya raba ukiteremka. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kata kucha, na tumia lile tundu la mwisho la juu kufunga kamba ili kisigino kisiteleze. Malengelenge: soksi za pamba zilizoloa jasho. Mgongo wa chini unauma ukipanda: unainama kutoka kiunoni badala ya kifundo cha mguu. Nyoosha kiuno, mwili mzima uiname pamoja.

Siku zinazofuata

Kushindwa kushuka ngazi Jumatatu na Jumanne ni kawaida. Tembea, oga, lala, kula vizuri. Mbio nyepesi zinaweza kurudi Jumatano. Lakini mkojo ukitoka wa rangi ya chai ya rangi, pamoja na mapaja kuvimba na kukosa nguvu, misuli imebomoka kiasi cha kutishia figo. Nenda hospitali ukanywe maji ukiwa huko.

Uchovu unaoendelea baada ya siku nne au tano, mapigo ya moyo ya asubuhi yakiwa juu kuliko kawaida yako na usingizi umevurugika, unamaanisha ratiba imebana mno. Ondoa mbio ndefu ya wiki hiyo nzima. Kama hata baada ya kupumzika vilima vile vile vinakushinda, acha kubadilisha raba na nenda maabara. Pima malaria, kwa sababu huku kwetu homa ndogo isiyopanda sana inaweza kujificha nyuma ya uchovu wa mazoezi. Pima pia wingi wa damu, na kwa wanawake hasa, akiba ya madini ya chuma. Yakionekana yamepungua, tiba huchukua wiki nyingi, miezi hata. Kwa hiyo kipimo hicho kifanyike Novemba au Desemba, wakati bado kuna muda kabla ya Mweka.